Programu ya kubadilisha video

Programu ya kubadilisha video ni programu ya kompyuta inayosoma faili ya video ya muundo mmoja na kuandika faili mpya ya muundo mwingine, ili picha na sauti zilezile ziweze kuchezwa kwenye kifaa ambacho hakikuweza kusoma faili ya kwanza. Programu hizo hutumika pia kupunguza ukubwa wa faili, kukata sehemu zisizohitajika na kuhamisha video za DVD za zamani kwenda kwenye kompyuta, flashi au simu.

Makala hii inahusu uchaguzi wa programu ya aina hiyo kwa kompyuta ya nyumbani, pamoja na mifano inayolingana na mazingira ya Bukoba na Muleba katika Mkoa wa Kagera, Tanzania. Katika maeneo hayo, kama kwingineko nchini, kumbukumbu za harusi, ubatizo, mahafali na mazishi zilirekodiwa kwanza kwenye kanda za video, kisha kwenye CD na DVD. Mara nyingi familia ina nakala moja tu. Watoto walioko Mwanza, Dar es Salaam au ng'ambo wana simu, lakini hawana tena deki wala mashine ya DVD. Kwa hiyo kuchagua programu si suala la kasi na bei pekee. Nakala ikiharibiwa na ya asili ikatupwa, hakuna mahali pa kuipata nyingine.

Historia

Kanda ya VHS ilitolewa na kampuni ya JVC ya Japani mwaka 1976. Ilifuatwa na kanda ndogo za kamera kama vile Video8 (1985), Hi8 (1989) na DV (1995). Tanzania Bara ilipata kituo cha televisheni mwaka 1994, wakati Zanzibar ilikuwa imeanza miaka ya 1970. Hivyo kwa wakazi wengi wa Bara, deki ya video ilitangulia matangazo ya televisheni.

Baada ya kanda zilikuja diski. CD ya video, yaani VCD, ilianza mwaka 1993 ikitumia kodeki ya MPEG-1. DVD iliingia sokoni Japani mwaka 1996 ikitumia MPEG-2. Mwaka 2003 ilitangazwa kodeki ya H.264, ambayo ndiyo inayotumika zaidi kwenye simu, televisheni na intaneti. Mwaka 2013 zilifuata H.265 na VP9, na mwaka 2018 AV1.

Kila mabadiliko hayo yaliacha nyuma kumbukumbu ambazo vifaa vipya havisomi. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kujulikana kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo mwezi Julai 2016. Tangu hapo deki zinazofanya kazi ni zile za zamani tu, na idadi yake inazidi kupungua.

Muundo wa faili ya video

Faili ya video ina mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya: kasha na kodeki.

Kasha ni namna faili inavyofungasha picha, sauti, maandishi ya tafsiri na taarifa nyingine pamoja. Kasha hutambulika kwa herufi za mwisho wa jina la faili, kwa mfano MP4, MKV, AVI, 3GP au VOB.

Kodeki ni kanuni inayotumika kubana picha au sauti wakati wa kuandika, na kuzifungua wakati wa kucheza. Mifano ya kodeki za picha ni MPEG-2, H.264 na H.265. Mifano ya kodeki za sauti ni MP3 na AAC.

Kasha linaweza kufananishwa na gunia, na kodeki na bidhaa iliyomo. Magunia mawili yanayofanana yanaweza kubeba bidhaa tofauti: moja maharage, jingine kahawa. Ndiyo sababu faili mbili zenye jina linaloishia na MP4 zinaweza kutofautiana, moja ikachezwa na televisheni na nyingine ikakataliwa. Kuandika upya herufi za mwisho wa jina la faili hakubadilishi kilichomo ndani.

Jambo la tatu ni kiasi cha data kinachotumika kwa kila sekunde, ambacho huitwa kiwango cha biti. Ndicho kinachoamua ukubwa wa faili. Hesabu yake ni rahisi: kiwango cha biti huzidishwa kwa idadi ya sekunde, kisha hugawanywa kwa 8 ili kupata baiti. Video ya saa 2 ina sekunde 7,200. Picha zikitumia kilobiti 1,500 kwa sekunde zitachukua takriban GB 1.35. Sauti ya kilobiti 128 kwa sekunde itaongeza takriban MB 115. Jumla ni karibu GB 1.5, ilhali DVD iliyojaa hubeba GB 4.7.

Njia mbili za kubadilisha

Njia ya kwanza ni kubadilisha kasha tu. Picha na sauti huhamishwa kama zilivyo kutoka kasha moja kwenda jingine. Kazi huchukua dakika chache au chini ya hapo, na ubora haupungui hata kidogo. Njia hii inafaa pale ambapo kifaa kinakubali kodeki lakini kinakataa kasha, kwa mfano televisheni inayosoma MP4 lakini haisomi MKV.

Njia ya pili ni kusimba upya. Programu hufungua picha zote na kuzibana tena kwa kodeki nyingine. Kazi hii huchukua muda mrefu, na kila inaporudiwa ubora hupungua kidogo. Picha iliyopotea haiwezi kurudishwa kwa kuongeza ukubwa baadaye. Video ya DVD yenye pikseli 720 kwa 576 ikipanuliwa kuwa 1920 kwa 1080 hujaza skrini na kuongeza ukubwa wa faili, lakini haipati maelezo mapya ya sura au mavazi.

Kanuni inayotokana na hayo ni kusimba upya mara moja tu, kutoka nakala bora iliyopo. Video iliyokwisha kutumwa kwa WhatsApp kama video ya kawaida imekwisha kubanwa tena, kwa hiyo haifai kuwa chanzo iwapo DVD au faili ya kamera bado ipo.

Programu zinazotumika

HandBrake ni programu huria isiyolipiwa, iliyoanzishwa na Eric Petit mwaka 2003. Inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Inasoma karibu kila aina ya faili pamoja na DVD za nyumbani, na huandika makasha ya MP4, MKV na WebM. Ina mipangilio iliyoandaliwa tayari, hivyo inamfaa anayeanza. Hata hivyo hairekodi kutoka kwenye kanda, haiunganishi vipande vya video, na haivunji kinga ya DVD za kibiashara. Inasimba picha upya kila mara, kwa hiyo haifai kwa kubadilisha kasha tu. Matoleo yake mapya hayafanyi kazi kwenye Windows 7.

FFmpeg ilianzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000. Haina madirisha wala vitufe. Mtumiaji huandika amri. Programu nyingine nyingi huitumia ndani yake. Ni nzuri sana kwa kubadilisha kasha bila kusimba upya. Amri ifuatayo hufanya kazi hiyo:

ffmpeg -i harusi.mkv -c copy harusi.mp4

VLC inajulikana zaidi kama programu ya kuchezea video. Ilianza kama kazi ya wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris nchini Ufaransa mwaka 1996, na leseni yake ikawa huria mwaka 2001. Ina sehemu ya kubadilisha faili, lakini mipangilio yake ni michache kuliko ya HandBrake. Faida yake ni kwamba huonyesha kodeki zilizomo ndani ya faili, na hilo ndilo swali la kwanza kabla ya kubadilisha chochote.

Avidemux na LosslessCut hutumika kukata vipande bila kusimba upya. Zinafaa pale ambapo kamera iliachwa ikirekodi ukumbi mtupu kwa dakika 20.

Zipo pia programu za kibiashara. Baadhi hutoa toleo la majaribio ambalo hubadilisha sehemu tu ya video, au huweka jina la programu juu ya picha mpaka mtumiaji alipie. Kwa mahitaji ya kawaida ya nyumbani, programu huria zilizotajwa hapo juu zinatosha.

Vigezo vya uchaguzi

Kifaa kitakachocheza. Uchaguzi huanzia mwisho wa safari. Kwa simu janja na televisheni nyingi za kisasa, kasha la MP4 lenye picha za H.264 na sauti ya AAC ndilo chaguo salama zaidi. H.265 inaweza kutoa faili ndogo kwa takriban nusu kwa ubora unaokaribiana, lakini inahitaji muda mrefu zaidi wa kusimba, na televisheni za zamani haziisomi. Baadhi ya mashine za DVD zenye tundu la flashi husoma AVI ya kodeki za DivX au Xvid tu.

Chanzo. Faili ya simu, DVD na kanda ni vyanzo vitatu tofauti. Kwa kanda, hakuna programu inayofanya kazi bila deki au kamera inayocheza kanda hiyo, pamoja na kifaa cha kunasa picha kinachochomekwa kwenye kompyuta.

Uwezo wa kompyuta. Kompyuta ya zamani inaweza kuchukua muda mrefu kuliko urefu wa video yenyewe. Baadhi ya kompyuta zina sehemu maalumu ya kusimba, kwa mfano Quick Sync ya Intel. Sehemu hiyo huharakisha kazi, ingawa kwa ukubwa uleule wa faili ubora huwa chini kidogo kuliko ule wa njia ya polepole. Kwa kumbukumbu ya kudumu, njia ya polepole ina faida.

Usalama. Programu inapaswa kupakuliwa kutoka kwenye tovuti rasmi ya watengenezaji. Hata hapo uangalifu unahitajika: mwezi Mei 2017 mojawapo ya seva za kupakulia HandBrake ilivamiwa, na kwa siku chache watumiaji wa macOS waliopakua kutoka seva hiyo walikuwa katika hatari ya kupata faili yenye programu hasidi. Watengenezaji huchapisha namba za uhakiki ili mtumiaji alinganishe faili yake na ile halisi. Programu iliyonakiliwa kwa flashi kutoka kompyuta hadi kompyuta haina uhakika huo.

Intaneti na faragha. Tovuti zinazobadilisha video bila kusakinisha programu hudai faili nzima ipandishwe kwanza. DVD ya GB 4 ikipandishwa kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa 4, na video iliyobadilishwa hutumia kifurushi tena wakati wa kupakuliwa. Aidha, picha za msiba au za watoto huwa zimekabidhiwa kwa seva ya watu wasiojulikana. HandBrake na FFmpeg zikishasakinishwa hufanya kazi bila intaneti.

Mazingira ya Bukoba na Muleba

Bukoba iko kando ya Ziwa Viktoria na ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi nchini Tanzania, takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Unyevu huo ni adui wa kanda. Ukungu huonekana kama unga mweupe kwenye kingo za utepe. Kanda yenye ukungu haipaswi kuingizwa kwenye deki kabla ya kusafishwa na fundi, kwa sababu unga huo huchafua vichwa vya deki na kuhamia kwenye kanda nyingine. Kanda na diski hutunzwa vizuri zaidi zikiwa zimesimamishwa ndani ya makasha yake, mbali na sakafu, jua na ukuta wenye unyevu.

Umeme ni jambo la pili. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya Kagera ilitegemea umeme ulionunuliwa kutoka Uganda, na kukatika kwa umeme bado ni jambo la kuzingatiwa. Faili ya MP4 kwa kawaida huandikiwa faharasa yake mwishoni mwa kazi. Umeme ukikatika kabla ya hapo, faili yote huwa haifunguki hata kama imefika asilimia 95. Faili ya MKV iliyokatizwa kwa kawaida huchezwa hadi pale ilipoishia. Hivyo kompyuta mpakato yenye betri nzima ni bora kuliko kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba. Anayerekodi kutoka kwenye kanda anaweza kuhifadhi kwa MKV kwanza, kisha akabadilisha kasha kuwa MP4 baada ya kazi kukamilika.

Jambo la tatu ni sauti. Katika kumbukumbu za Wahaya, thamani ya video mara nyingi iko kwenye maneno: majigambo, hotuba za wazee, na nyimbo zinazoambatana na enanga, ala ya nyuzi ya Kihaya. Tenzi za enanga zilichunguzwa kwa kina na Profesa M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Anayepunguza ukubwa wa faili kwa kubana sauti kupita kiasi hupoteza kile ambacho mtafiti au mjukuu atakitafuta kwanza. Sauti huchukua sehemu ndogo tu ya faili, kwa hiyo kilobiti 128 hadi 160 kwa sekunde si gharama kubwa.

Mfano wa kazi: DVD ya harusi

Mfano huu unaonyesha hatua za kubadilisha DVD moja ya harusi ya saa 2 kwa kutumia HandBrake.

1. DVD hunakiliwa yote kwenye diski kuu ya kompyuta kabla ya kazi nyingine. Diski iliyokwaruzwa isichezwe mara kwa mara.
2. Folda nzima ya VIDEO_TS hufunguliwa kwenye HandBrake. Kufungua faili moja ya VOB ni kosa la kawaida, kwani DVD hugawa video katika vipande vya takriban GB 1, na mtumiaji hujikuta amebadilisha mwanzo wa sherehe tu.
3. Huchaguliwa kasha la MP4 na kodeki ya H.264.
4. Kipimo cha ubora, kinachoandikwa RF, huwekwa kati ya 18 na 22 kwa video ya kiwango cha DVD. Namba ndogo humaanisha ubora mkubwa na faili kubwa.
5. Mistari ya kitana huondolewa. Video za kanda na DVD nyingi hurekodiwa kwa nusu mbili, mistari ya witiri kwanza na ya shufwa baadaye, au kinyume chake. Zikichezwa kwenye skrini ya kompyuta, watu wanaocheza ngoma huonekana na kingo zenye meno. HandBrake ina vichujio vya kuondoa kasoro hiyo, na ni lazima iondolewe hapa, kwa sababu baada ya kusimba upya hubaki ndani ya picha.
6. Hubadilishwa kipande cha dakika 2 kwanza, na kuchezwa kwenye televisheni na simu zenyewe zitakazotumika. Hapo hukaguliwa kama sauti inaenda sawa na midomo, na kama nyuso hazijavutwa kwa upana.
7. Kipande kikikubalika, kazi nzima huanzishwa.
8. Faili iliyokamilika huangaliwa mwanzo, katikati na mwisho.

Flashi nyingi hutumia mfumo wa FAT32, ambao haukubali faili moja inayofikia GB 4. Video ndefu ikikataa kunakiliwa ilhali flashi ina nafasi, mara nyingi sababu ni hiyo na si ubovu wa flashi.

Kutunza nakala ya asili

Kubadilisha video si sababu ya kutupa kanda, DVD au faili ya kamera. Kodeki hubadilika, na nakala ya asili ndiyo itakayotoa matokeo bora wakati mwingine. Flashi ni chombo cha kusafirishia. Haifai kuwa hifadhi pekee.

Nakala mbili zilizo katika nyumba moja zinaweza kupotea kwa siku moja. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi la kipimo cha 5.9 lilipiga Kagera na kubomoa nyumba nyingi, hasa katika eneo la Bukoba. Kwa familia yenye ndugu pande zote mbili, kuweka nakala moja Bukoba na nyingine Muleba, au kwa ndugu aliye mkoa mwingine, ni kinga isiyo na gharama kubwa. Jina la faili liwe na mwaka, tukio na mahali, kwa mfano 1998-harusi-kamachumu, kwa sababu faili iliyoitwa video1 haimwambii kitu atakayeikuta baada ya miaka 30.

Sheria

Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, inayosimamiwa na ofisi ijulikanayo kama COSOTA. Kuwa na programu inayoweza kubadilisha filamu hakumpi mtu haki ya kuisambaza au kuiuza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inahusu taarifa zinazomtambulisha mtu, na picha ni miongoni mwa zinazoweza kumtambulisha. Kwa video za familia, ni vema kupata ridhaa ya wahusika kabla ya kuziweka hadharani.

Angalia pia

Kompyuta
Programu huria
DVD
Hakimiliki
Wahaya
Mkoa wa Kagera